Mama ana presha ya macho: je, "kurudisha umri wa seli" kutamrudishia kuona?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66, ni fundi cherehani hapa Korogwe tangu sijazaliwa. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana presha ya macho, akapewa matone ya kila siku. Jicho la kushoto haoni pembeni, la kulia tuliambiwa bado lina nafuu. Siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano mpaka amwite mjukuu. Mwezi uliopita kaka yangu alituonyesha video inayosema wanasayansi wa Harvard wamerudisha nyuma umri wa seli, panya vipofu wakaona. Baada ya hapo jirani akatuletea unga wa pakiti wa "kuamsha seli shina", laki mbili na themanini kwa mwezi, akasema matone ndiyo yanayochosha macho. Mama ana wiki ya tatu hajaweka matone. Kaka naye amempata wakala wa kliniki ya nje ya nchi wanaochoma sindano ya seli shina ndani ya jicho, anataka tuuze kiwanja. Mimi sijui nimwamini nani. Hiyo sayansi ni ya kweli? Tutumie unga, twende nje, au tusubiri dawa yenyewe ije?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya sayansi, matone. Usimalize kusoma jibu hili kabla mama hajarudia dawa yake, leo hii, kwa kipimo kilekile alichoandikiwa. Kama chupa ilifunguliwa zaidi ya wiki nne zilizopita, itupeni mnunue nyingine. Na kama katika miaka hii miwili ameanza kusumbuliwa na pumu, au ameambiwa mapigo ya moyo wake yanakwenda polepole, ipigie simu kliniki yake kwanza, kwa sababu tone linalotumika sana hapa kwetu, timolol, haliwafai watu hao. Kisha apimwe presha ya macho ndani ya wiki hii. Msimgombeze. Ila mjue kwamba presha hii ikipanda haipigi hodi: mara nyingi haiumi, haileti wekundu, jicho linaonekana zima kabisa huku mshipa wa fahamu unakufa nyuma yake.

Sasa tuongee kwa nafasi.

Swali lako lina mafundo matatu yaliyofungwa pamoja. Kama sayansi ni ya kweli, kama vitu vinavyouzwa kwa jina la sayansi hiyo ni vya kweli, na mama afanye nini. Kaka yako amepata jibu sahihi la fundo la kwanza akadhani ameyafungua yote. Nitayafungua moja moja, na la kwanza litachukua muda, kwa sababu ni habari nzuri na inastahili kuelezwa vizuri.

Lakini tuanze na ugonjwa wenyewe, maana jina "presha ya macho", ambayo hospitalini huitwa glakoma, limewapotosha wengi. Haihusiani moja kwa moja na presha ya damu, na si mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka nje kila wakati kupitia kitu kama chujio. Chujio likiziba kidogo kidogo, maji hubaki ndani, msukumo unapanda, na unaoumia zaidi ni mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo umeundwa na nyuzi zipatazo milioni moja, kila uzi ukiwa mkia wa seli moja iliyoko kwenye retina, ule utando wa nyuma wa jicho. Nyuzi zinazohudumia pembeni hufa kwanza. Ndiyo maana mtu hupoteza pembe za macho bila kujua, akaendelea kuona katikati vizuri, mpaka siku anapoanza kugonga mlango au kumwaga chai kwa sababu hakukiona kikombe. Kuna hata watu ambao msukumo wao ukipimwa ni wa kawaida na mshipa unakufa hivyo hivyo. Na mshipa ukishakufa, hauoti tena. Matone, leza, upasuaji, vyote vinafanya kazi moja: kushusha msukumo ili nyuzi zilizobaki zibaki. Hakuna dawa ya glakoma inayotumika leo hospitalini, iwe Moshi au London, inayorudisha uzi uliokufa.

Hapo ndipo sayansi ya kwenye ile video inapoingia, na ndiyo sababu mimi mwenyewe niliposoma habari yake mwishoni mwa 2020 nilikaa nikaisoma tena.

Mama yako ni fundi, kwa hiyo nitatumia lugha ya meza yake. Chukua seli yoyote ya mwili wake: ya ngozi, ya ini, ya jicho. Zote zina kitabu kimoja cha mitindo, yaani DNA ileile, yenye jeni, ambazo ndizo kurasa zake, karibu 20,000. Kinachofanya seli ya jicho isiwe ya ini ni kwamba kila moja imefungua kurasa zake na kuzifunga nyingine. Kinachozifunga ni nini? DNA ni uzi mrefu sana, kama mita mbili ndani ya kila seli, nao umezungushwa kwenye vibobini vidogo vya protini viitwavyo histoni. Uzi ukibanwa sana kwenye bobini, jeni zilizo hapo hazisomeki. Juu ya uzi wenyewe kuna alama ndogo za kemikali, alama za methili, ambazo ni kama chaki ya fundi juu ya kitambaa: hapa kata, hapa usiguse. Mpango huo wote wa vibobini na chaki ndio unaoitwa epijenetiki. Haubadilishi kitambaa. Unaamua kitambaa kitashonwaje.

Sasa, fundi akikunja kitambaa na kukikunjua kila siku kwa miaka sitini, chaki inafanyaje? Inafutika hapa, inapakaa pale pasipohusika. Kila DNA inapoumia, protini zinazotunza mpangilio huacha kazi yake na kukimbilia kurekebisha, halafu zikirudi hazirudi zote mahali pake. Baada ya miaka mingi seli ya jicho bado inajua kuwa ni ya jicho, lakini inasoma mitindo yake kwa shida, na kurasa zilizopaswa kufungwa zimefunguka kidogo. Maabara ya David Sinclair pale Harvard ilichapisha mwaka 2023 utafiti wa panya waliokatwa DNA kidogo kidogo mahali ambapo hapaharibu jeni zenyewe, na panya hao wakazeeka upesi. Kwa maneno mengine, kitambaa kizima, chaki imechafuka, na uzee ukaja. Si wanasayansi wote wanaokubali kwamba hiyo ndiyo sababu kuu ya uzee. Ziko nyingine: kitambaa chenyewe kinachanika pia, taka zinajaa ndani ya seli, mitambo ya nishati inachoka. Mimi naiona kuwa sababu mojawapo kubwa, na zaidi ya hapo sisemi.

Swali kubwa lilikuwa kama chaki inaweza kufutwa na kuchorwa upya. Miaka mingi ilifikiriwa haiwezekani kwa seli iliyokwisha komaa. John Gurdon wa Uingereza alionyesha mwaka 1962 kwamba kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, kikiwekwa ndani ya yai la chura, kinaweza kuanzisha kiumbe kipya. Kwa hiyo kitabu kilikuwa kizima, na ndani ya yai kulikuwa na kitu kinachojua kukisoma toka mwanzo. Kitu gani? Jibu lilisubiri mpaka 2006. Shinya Yamanaka wa Kyoto alikuwa amejifunza upasuaji wa mifupa na alikuwa mzito mno wa mikono, hata wenzake wakalichezea jina lake kwa Kijapani likawa na maana ya kizuizi. Akaacha kisu akaenda maabara. Yeye na Kazutoshi Takahashi walianza na jeni 24 walizozishuku, wakapunguza na kupunguza mpaka zikabaki nne: Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Ukiziwasha hizo nne ndani ya seli ya ngozi ya panya kwa wiki kadhaa, seli inarudi kuwa kama ya kiinitete, yenye uwezo wa kuwa kitu chochote, yaani seli shina. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka wakapewa Nobeli pamoja. Na mwaka 2011 timu moja ya Ufaransa ilichukua seli za wazee wa miaka 90 na kitu hadi zaidi ya 100, ikazirudisha kwa njia inayofanana na hiyo, na dalili za uzee zikafutika.

Utaona mwenyewe tatizo liko wapi. Seli ile haikuwa changa tu, ilisahau na kazi yake. Chaki yote imefutwa, ya uzee na ya mtindo pia. Ukifanya hivyo ndani ya mwili wa mtu mzima, unapata seli zisizojua ni za nani zikikua ovyo. Na ndivyo ilivyotokea: mwaka 2013 watafiti wa Madrid waliziwasha jeni nne ndani ya panya hai, wakapata uvimbe uitwao teratoma, ambao ndani yake unakuta vipande vya tishu za kila aina vimechanganyika. Isitoshe, c-Myc ni jeni inayojulikana sana kwenye saratani.

Wazo lililofuata lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulifanya. Kwa nini kufuta chaki yote? Futa kidogo, uache kabla seli haijasahau jina lake. Mwaka 2016 Alejandro Ocampo na wenzake, katika maabara ya Juan Carlos Izpisua Belmonte huko California, walitumia panya wenye ugonjwa wa kuzeeka utotoni. Wakaziwasha jeni nne siku mbili, wakazizima siku tano, wiki baada ya wiki. Panya ambao kwa kawaida huishi wiki 18 hivi wakafika 24. Uvimbe haukuonekana.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, kwa sababu nimeshaulizwa. Swichi waliyoitumia kuziwasha jeni hizo ilikuwa doksisaiklini, antibiotiki ileile inayouzwa duka la dawa. Inafanya kazi hiyo kwa panya hao tu, kwa sababu walitengenezwa toka wakiwa mimba wakiwa na jeni za ziada zinazoisikiliza dawa hiyo. Wewe na mimi hatuna. Ukinywa doksisaiklini utaua bakteria na pengine utaumwa tumbo, basi.

Mwaka 2022 maabara ya Babraham karibu na Cambridge ilichukua seli za ngozi za watu wa makamo, ikaziwashia jeni nne kwa siku 13 na kuzima. Seli zikakumbuka kuwa ni za ngozi, zikatengeneza zaidi kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, na kwa kipimo cha alama za methili zikaonekana changa zaidi kwa miaka kama 30. Kumbuka: seli kwenye sahani ya maabara, na umri uliosomwa kwa kipimo. Kipimo hicho, saa ya epijenetiki, kilitokana na kazi ya Steve Horvath wa Los Angeles aliyeonyesha mwaka 2013 kwamba ukizisoma sehemu 353 za DNA unaweza kukisia umri wa mtu kwa ukaribu wa kushangaza. Ni kipimo kizuri cha utafiti. Lakini anayekuuzia kipimo cha mate na kukuambia "seli zako zina miaka 52", kisha anakuuzia kidonge, ujue kurudisha mishale ya saa ya ukutani hakurudishi asubuhi.

Sasa twende kwa panya wa kaka yako. Utafiti ule ulitoka Desemba 2020, kazi ya Yuancheng Lu katika maabara ya Sinclair. Waliiacha c-Myc, wakabaki na jeni tatu. Wakaziweka ndani ya kirusi kidogo kisicholeta ugonjwa, kinachotumika kama mkokoteni, wakakichoma ndani ya jicho la panya. Walijaribu mambo matatu. Kwanza, panya waliominywa mshipa wa fahamu: seli nyingi zaidi zilinusurika na nyuzi zikaanza kuota kuelekea ubongo, jambo ambalo seli hizo hulipoteza siku chache baada ya panya kuzaliwa. Pili, panya waliozibwa chujio la jicho kwa vishanga vidogo mpaka msukumo ukapanda, yaani glakoma ya kutengenezwa. Walirudishiwa karibu nusu ya uwezo wa kuona uliokuwa umepotea. Tatu, panya waliopungua kuona kwa umri tu, wa mwaka mmoja hivi: nao waliona vizuri zaidi. Kwa panya wazee zaidi, wa miezi 18, nafuu hiyo haikuonekana, labda kwa sababu kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimeshaingia ukungu.

Kilichonifanya niamini ni kidogo zaidi ya hayo. Walipoviondoa vimeng'enya vinavyofuta alama za methili, TET1 na TET2, nafuu yote ikatoweka. Kwa hiyo ni chaki kweli iliyokuwa inafanyiwa kazi.

Ila video ilisema "panya vipofu wakaona". Hawakuwa vipofu. Panya huwekwa katikati ya mistari inayozunguka, mtafiti akaangalia kama kichwa kinaifuata mistari, na mistari ikazidi kuwa myembamba. Kinachopimwa ni wembamba wa mstari anaoweza kuufuata. Walifuata mistari myembamba zaidi kuliko awali. Na glakoma yao ilikuwa ya wiki chache, wakati mama yako inawezekana amekuwa nayo miaka mingi kabla ya kugunduliwa. Kumwamsha aliyezimia ni kazi moja, kumfufua aliyekwisha kufa ni nyingine. Na ninavyouelewa utafiti huu, nyuzi zilizokwisha kufa zamani si ndizo zilizorudisha kuona, ni zile zilizokuwa hoi.

Kampuni ya Boston iitwayo Life Biosciences imeichukua njia hiyo ya jeni tatu kutengeneza dawa iitwayo ER-100, ikaijaribu kwa nyani, na mwanzoni mwa 2026 ikatangaza kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeiruhusu ianze kujaribiwa kwa binadamu, wakiwemo wagonjwa wa glakoma. Waliliteua jicho kwa akili. Jicho ni chumba kidogo chenye mlango wake: dozi ndogo inatosha, haisambai sana mwilini, na daktari anaweza kuchungulia ndani kila wiki. Jaribio la kwanza la namna hiyo huuliza swali moja kubwa: je, inadhuru? Kama inasaidia, hilo ni swali la majaribio yanayofuata, ya watu wengi zaidi na ya miaka. Na sababu ya kuogopa ipo. Ocampo yuleyule wa 2016, sasa akiwa Lausanne, alichapisha mwaka 2023 na wenzake kwamba ukiziwasha jeni nne mfululizo mwili mzima, panya hufa mapema kwa kushindwa kwa ini na utumbo, wala hawafi kwa uvimbe. Kipimo na muda ndivyo kila kitu hapa, na kwa binadamu bado havijajulikana.

Basi sayansi ni ya kweli. Unga je?

Chochote kilichomo ndani ya pakiti ile, hebu kifuate njia yake. Kinaingia mdomoni, kinakutana na tindikali ya tumbo, kinasagwa kama maharage. Protini za Oct4 na wenzake hufanya kazi ndani ya kiini cha seli; ukizila zinakuwa chakula. Watafiti wa Harvard walilazimika kutumia kirusi na sindano ya ndani ya jicho kwa sababu hakuna njia ya mkato kupitia tumbo. "Seli shina za mimea" ni seli za mmea, hazina la kufanya kwenye retina ya mtu. Simhukumu jirani yenu, mara nyingi wauzaji hawa wameaminishwa na wao kwanza. Lakini neno lake moja ni la hatari kuliko unga wote: kwamba matone yanachosha macho. Matone mengine huwasha kidogo, mengine hufanya macho kuwa mekundu, na mtu asiyeona faida yake kwa macho anaona tu kero. Muulize mama kwa upole kama ndivyo alivyosikia. Kama yanamwasha, kuna aina nyingine za kubadilisha. Kama bei ndiyo inayombana akanyamaza ili asiwasumbue, hilo nalo lisemwe. Pakiti yenyewe ikiwa inadai kutibu, ulizieni usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa kwetu.

Kliniki ya nje ndiyo inayonitia hofu zaidi, na nitakueleza kwa kisa kilichoandikwa. Mwaka 2015 wanawake watatu waliokuwa na ugonjwa wa retina wa uzeeni walikwenda kliniki moja ya Florida, Marekani, wakatolewa mafuta ya mwilini, yakachujwa, wakachomwa "seli shina" zao wenyewe ndani ya macho yote mawili siku moja. Walilipa dola 5,000 kila mmoja. Ndani ya siku chache walianza kupata madhara makubwa, retina zikabanduka, damu ikavuja ndani ya jicho, na wote watatu wakapoteza karibu uwezo wote wa kuona. Madaktari waliowapokea walikichapisha kisa hicho 2017 ili wengine wajihadhari. Zingatia: Marekani, nchi yenye FDA. Na kile walichochomwa hakihusiani na jeni za Yamanaka hata kidogo, jina tu ndilo limeazimwa.

Kaka yako atasema kliniki yake ni tofauti. Mpe maswali mawili tu amuulize wakala. La kwanza: mtachoma macho yote mawili siku moja? Mtafiti makini huanza na jicho moja, lile baya zaidi, ili likiharibika mgonjwa abaki na jingine. La pili: mnatoza kiasi gani? Majaribio yanayoheshimika hayamuuzii mgonjwa dawa ambayo bado inajaribiwa. Ukisikia bei, basi hiyo ni biashara. Msiuze kiwanja.

Na kusubiri? Kusubiri ni sawa, ila inategemea mnasubirije. Hata kama ER-100 au mwenziwe atafaulu, itachukua miaka mingi kufika kwenye duka la dawa la Korogwe, na itamsaidia mtu ambaye bado ana seli za kuamshwa. Kila mwezi ambao msukumo wa jicho la kulia uko chini, mama anaiwekea sayansi hiyo akiba ya kufanyia kazi. Asiyetumia matone kwa sababu "dawa mpya inakuja" ataikuta dawa imefika na nyuzi zimekwisha.

Wakati huohuo kuna kitu kilicho karibu nanyi zaidi kuliko Boston. Glakoma si ngeni kwetu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Dodoma, ulikuta kama watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wanayo, na sisi Waafrika huipata mapema na kwa ukali zaidi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, ulifanyika utafiti uliochapishwa 2021 ukilinganisha matone ya timolol na leza iitwayo SLT, ambayo hulifungua lile chujio kidogo. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Sababu moja inaeleweka: leza haisahauliki nyumbani, haiishi, wala jirani hawezi kuja kukwambia uiache. Si kila mgonjwa anafaa, inaweza kurudiwa, na wengine bado watahitaji matone au upasuaji juu yake. Lakini mtu ambaye tayari ameshaacha matone wiki tatu ni mtu wa kuulizia leza. Nenda na mama, mwambie daktari ukweli kuhusu hizo wiki tatu, na uliza kwa jina: "SLT inamfaa?"

Kwa sasa, matone yawekwe hivi: avute kope ya chini, tone moja, afumbe jicho bila kupepesa, abonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua dakika mbili. Hiyo huzuia dawa isikimbilie puani na kwenye damu. Kama ana aina mbili, kati ya moja na nyingine zipite dakika tano. Na ikitokea jicho likauma ghafla, likawa jekundu, akaona duara za rangi kuzunguka taa, akatapika, au akapoteza kuona kwa ghafla, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku usingojee asubuhi.

Wewe na kaka yako, mkifika miaka 40, au hata kabla, mkapimwe. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia, na mtoto wa mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu mwingine.

Nimeliacha la mwisho makusudi, ile sindano. Umeandika kwamba mama hawezi tena kutunga uzi, na nadhani nyote mmechukulia kuwa ni presha ya macho. Mimi sina hakika. Glakoma huanzia pembeni. Tundu la sindano linaonekana kwa katikati ya jicho, na katikati hubaki kuzuri mpaka ugonjwa umefika mbali sana. Kwa miaka 66, fundi asiyeona tundu la sindano ana sababu mbili nyingine za kawaida kabisa: macho ya kusomea yamechoka na anahitaji miwani, au ana mtoto wa jicho. Zote mbili zinatibika leo, moja kwa miwani, nyingine kwa upasuaji mfupi. Mkienda, mwambie daktari asipime presha tu. Mwombe ampime mama kwa miwani ya karibu, kwa umbali ule wa kutoka machoni mpaka kwenye sindano ya cherehani, na mwende na sindano na uzi wake mfukoni.